Tiki Niliyompa Delfina

Walimu wenzangu, Neema na Rashidi,

Mliniomba notisi zangu za fasihi. Nimezitafuta. Nusu zimeliwa na mchwa, na nusu iliyobaki siwashauri muitumie, maana niliiandika nikiwa na umri wenu na nikiwa na uhakika mwingi kuliko akili. Badala yake nawaandikia haya, hapa kibarazani kwangu Chuno, ambako siku hizi kazi yangu kubwa ni kufukuza mbuzi wa jirani. Mgongo unauma. Macho yamechoka na miandiko ya watoto wa watu. Ila kuna jambo moja sikuwahi kuwasimulia pale ofisini, na ninyi mtafundisha mada ileile, katika vyumba vilevile, kwa chaki zilezile zinazokatika kabla hujamaliza kichwa cha somo. Ni habari ya msichana aitwaye Delfina, aliyeacha kuja shule wiki chache kabla ya mtihani wa kidato cha nne, kwa sababu ya tiki niliyompa. Watoto huacha shule kwa kukosa, nimewaona wengi. Huyu aliacha kwa kupata.

Lakini nikianzia kwa Delfina mtanihukumu bure. Ngoja nianzie nilikoanzia mimi.

Nilikuja Mtwara kutoka Singida nikiwa na sanduku la bati na barua ya kupangiwa kazi. Enzi hizo safari ilikuwa ya siku kadhaa, ukikuta pantoni ya Rufiji imegoma unalala hapohapo na mbu. Nyumbani tulisema Kinyaturu. Kiswahili nilikijua cha darasani, kimenyooka kama rula. Nikaletwa kufundisha lugha ya pwani kwa watu wa pwani, mimi mtu wa bara, kumbe na wao wengi nyumbani kwao wanasema Kimakonde, wengine Kimakua, wengine Kiyao. Kwa ufupi, darasani hakuna aliyekuwa kwake. Hilo nililifahamu baadaye sana. Siku ya kwanza nilichofahamu ni kwamba joto la Mtwara halina adabu.

Mkuu wa idara alikuwa Mwalimu Mchopa, Mmakonde wa huko juu Newala, mtu mfupi, mkavu, aliyevaa koti hata mwezi wa Desemba. Alinikabidhi boksi la chaki, dasta iliyoshonwa kwa kipande cha blanketi, na kalamu moja nyekundu.

"Ikikauka wino," akasema, "niletee maiti yake ndipo nikupe nyingine."

Nikadhani anatania. Kalamu ilipokauka nikaenda mikono mitupu, akanirudisha.

Kila nilichowahi kujua kuhusu kufundisha tamathali za semi nilikipata kwake, si chuoni. Chuoni nilipewa fasili. Tashbihi ni kufananisha vitu viwili kwa kutumia viunganishi kama vile "kama", "mithili ya", "mfano wa". Sitiari ni kufananisha bila kutumia viunganishi hivyo. Niliziandika ubaoni, watoto wakazinakili, nikauliza swali, wakanitazama kama wanavyotazama gari lililokwama. Mwalimu Mchopa alikuwa amekaa nyuma ya darasa ananikagua. Kesho yake akaja na bibo moja bichi, korosho yake bado imening'inia, na embe moja. Akaliinua bibo.

"Mbegu iko wapi?"

"Nje!" darasa zima likajibu.

"Hii ni tashbihi. Mbegu yake ni lile neno 'kama', inaning'inia nje, hata kipofu ataipapasa. Na ya embe?"

"Ndani!"

"Hiyo ni sitiari. Mpaka ule ndiyo uikute."

Akalila embe palepale mbele ya darasa, taratibu, akawaonyesha kokwa. Nimetumia somo hilo mpaka nastaafu, na msimu wa maembe ukipita nilitumia parachichi. Chukueni, ni lenu. Msije tu mkaleta bibo lililoiva sana; linachuruzika, na doa lake kwenye nguo halitoki.

Kosa langu la kwanza kubwa lilikuwa ndani ya mwaka uleule. Wanafunzi wa kidato cha kwanza walitoka likizo, nikawapa insha: "Likizo yangu." Nikakaa kusahihisha. Msichana wa kwanza ameandika, "Wakati wa likizo nilichezwa." Nikakata, nikaandika pembeni: "Nilicheza." Wa pili naye, nilichezwa. Wa tatu. Walifika saba. Nikapandwa na hasira, nikaandika ubaoni kwa herufi kubwa kwamba mtu hachezwi, mtu anacheza, kinachochezwa ni mpira au karata. Nikawasimamisha wale wasichana saba wasome kwa sauti: "Wakati wa likizo nilicheza." Wakasoma wameinamisha vichwa. Wavulana wengine wakafunika midomo. Mimi nikaona somo limeingia.

Mwalimu Mchopa aliniita pembeni wakati wa chai.

"Mwalimu, unajua kuchezwa ni nini?"

"Ni kosa la kisarufi."

"Ni unyago," akasema. "Mtoto amewekwa ndani, amefundwa, amechezewa ngoma, ametoka mtu mzima. Huku kwetu hivyo ndivyo inavyosemwa mbele za watu, kwa staha. Wewe umeusahihisha unyago kwa kalamu nyekundu, halafu ukawasimamisha wanawali mbele ya wavulana."

Nilitamani ardhi ipasuke. Wale wasichana walikuwa wameniandikia tafsida, safi, mahali pake hasa, mwaka mmoja kabla sijawafundisha neno tafsida. Niliwaomba radhi mmoja mmoja. Sita walicheka. Wa saba hakucheka, na hakuwahi tena kuniandikia insha inayozidi nusu ukurasa.

Basi nikajifunza. Nikajifunza mno, na hapo ndipo ugonjwa wenyewe ulipoingia. Mwalimu wa fasihi akishaogopa kuachwa na maneno yaliyofunikwa, huanza kufunua hata yasiyofunikwa. Miaka ya katikati ya kazi yangu nilikuwa hivyo. Mwanafunzi mmoja wa Nanyamba aliniletea barua ya kuomba ruhusa: "Naomba niende nyumbani kwa sababu bibi yangu mzaa mama amepumzika." Nikamkumbatia yule mtoto. Nikatangaza ofisini. Ijumaa tukafunga safari walimu wanne, tumejifunga khanga, tumebeba mchele na sukari. Tulipokaribia uani niliwaambia wenzangu tuanze kutembea kwa unyenyekevu. Tukamkuta bibi mwenyewe amekaa mkekani, amenyoosha mguu uliofungwa bendeji. Alianguka shambani, mganga wa zahanati akamwambia apumzike, na mjukuu alitakiwa akamsaidie kuteka maji.

"Mmekuja na mchele wa nini?" akauliza. Akatutazama zile khanga, akaelewa. "Ala! Mmekuja kunichuria!"

Mchele aliupokea hata hivyo. Mwalimu Mchopa, aliyekuwa amebakiza muhula mmoja kustaafu, alicheka mpaka akavua koti. Ndiyo mara pekee niliyowahi kumwona hana koti. Kisha akaniambia jambo ambalo sikulishika. "Mwalimu, kabla hujauliza neno hili ni tamathali gani, uliza kwanza limetokea?" Nikalichukulia kuwa ni mzaha wa mzee anayeaga.

Akaondoka, nikawa mkuu wa idara mimi. Miaka ikaenda. Stensili zikaondoka, zikaja kompyuta. Shule zikaongezeka, na madarasa yakafurika mpaka mwalimu unafundishia mlangoni. Nilikuwa na mikondo mitatu ya kidato cha nne, A, B na C, na madaftari yao yakipangwa juu ya meza yalinifika kidevuni. Nitasema ukweli, nilichoka. Sikuchoka na watoto. Nilichoka na mkono wangu mwenyewe, ukipita juu ya karatasi, tiki, tiki, kosa, tiki, kama mtu anayepalilia. Kuna siku nilimaliza rundo zima na ungeniuliza nisingekumbuka hata sentensi moja iliyokuwamo. Msifanye hivyo. Ukiona umesahihisha daftari na hukumbuki la nani, simama, unywe maji, urudi. Huo ndio ushauri wa kitaalamu pekee nilionao.

Delfina alikuja kwangu nikiwa katika hali hiyo. Alikuwa wa mkondo B, msichana mrefu, mkimya, kwao ni bondeni huku chini karibu na Kilambo, mahali ambapo Ruvuma unapanuka kabla ya kuingia baharini. Wazazi wake asili yao ni Msumbiji. Walivuka zamani wakati wa vita, wakalima, wakabaki. Mjini alikaa kwa shangazi yake. Kiswahili chake kilikuwa cha kusitasita mdomoni, ila akiandika kilinyooka. Nilikuwa nimelipa darasa zima tamathali tano: tungeni sentensi moja kwa kila tamathali. Nyingi zilikuwa zilezile za miaka yote. Anakimbia kama swala. Juma ni simba. Jua linatabasamu. Ukifundisha miaka thelathini unaanza kulichukia jua kwa kutabasamu.

Kwenye tashihisi Delfina aliandika: "Mto ulimwita kaka yangu, akaenda, na mpaka leo haujamrudisha."

Mkono ukasimama. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu nilifurahi kazini. Nikapiga tiki ndefu iliyotoka nje ya mstari, nikaandika "Safi sana!!" kwa alama mbili za mshangao, mimi ambaye naogopa hata moja. Kesho yake nikaingia darasani, nikaisoma kwa sauti, nikaichambua. Oneni, mto hauna mdomo, lakini umeita. Hauna mikono, lakini umekataa kurudisha. Hiyo ndiyo tashihisi, kukipa kitu kisicho binadamu matendo ya binadamu. Nikamsimamisha Delfina apigiwe makofi matatu ya nguvu. Akasimama. Nikaona ameshika ukingo wa dawati, nikadhani ni haya.

Sikuishia hapo. Nikanunua manila, nikaiandika ile sentensi kwa maka pen ya bluu, nikaibandika ukutani mwa darasa lake, juu yake nimeandika MFANO WA TASHIHISI. Kisha nikaibeba ile sentensi kichwani mpaka mikondo A na C, nikaifundisha huko pia. Mnajua watoto wetu wanavyoshika mifano. Fasili watasahau, ila ukiwapa mfano mmoja mzuri wataubeba mpaka kaburini.

Mwezi mmoja baadaye ukaja mtihani wa majaribio. Swali la sita: eleza maana ya tashihisi na utoe mfano. Nikaketi kusahihisha mchana wa Jumamosi pale ofisini, peke yangu. Karatasi ya kwanza, mto ulimwita kaka yangu. Tiki. Ya pili, mto ulimwita kaka yangu. Tiki. Mmoja kaandika "mto ulimwita mjomba wangu", ameona abadilishe kidogo asionekane ameiga. Tiki. Mkono ulikuwa umeshaanza kwenda wenyewe. Nilipofika kwenye karatasi moja nikaona pale pa mfano hapana mto, hapana jua, kuna mstari mfupi tu. Nikaweka alama ya kosa, nikafungua karatasi inayofuata. Ndipo nikarudi, kwa sababu jicho lilikuwa limeona kitu ambacho mkono haukuona. Ule mstari mfupi ulisema:

"Mwalimu, ile siyo tashihisi. Imetokea."

Nikaangalia jina. Delfina.

Nililia, sitawaficha. Nililia na rundo lote lile mbele yangu, la kaka wa mtu aliyeitwa na mto, kwa miandiko ya watoto ambao hawakumjua hata jina lake. Kisha nikatoka kwenda kuibandua ile manila. Ilikuwa imepauka kwa jua, na chini yake mtu amechora mtumbwi kwa kalamu, na kijitu kinazama kikipunga mkono.

Jumatatu Delfina hakuja. Hakuja wiki ile yote. Shangazi yake akaniambia ameenda kwao kwa mama yake, na kwamba amesema shule basi. Mtihani wa taifa ulikuwa umekaribia, hesabu ilikuwa ya wiki. Mtoto asiyekaa kwenye mtihani ule, miaka yake minne imemwagika, na mnajua wasichana wanaorudi bondeni kabla ya mtihani wanangojewa na nini. Nikapanda bodaboda Jumamosi iliyofuata, mwanamke wa umri wangu, na mgongo huu huu.

Niliwakuta nje ya nyumba, mama na binti, wameketi chini wakitenganisha korosho na mabibo. Delfina aliponiona akainuka, akaingia ndani. Mama yake akanikaribisha.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Mama Delfina."

"Hapa naitwa Mama Tomasi," akasema. "Ndiye wa kwanza."

Nikajua Tomasi ni nani. Nikaketi, nikasema lile nililokuwa nimelipanga njia nzima. "Mama Tomasi, pole sana kwa msiba."

Mikono yake ikasimama juu ya korosho. "Nsiba upi, mwalimu?"

"Wa... wa Tomasi."

"Sisi hatujakaa nsiba. Nto haujanrudisha."

Huko kwao mto hutamkwa "nto". Nilikuwa nimefunga safari yote ile kwenda kutubu kosa moja, na kabla sijapewa maji nilikuwa nimeshafanya la pili. Mama Tomasi hakukasirika. Alinieleza polepole, kama mtu anayemweleza mgeni njia. Mwaka uliopita, masika, walikuwa na shamba la mpunga ng'ambo. Mto ulijaa. Tomasi akasema mpunga utaoza, akaingia kwenye mtumbwi. Mtumbwi ulipatikana chini huko, karibu na mikoko. Yeye hakupatikana. Na kwao mtu ambaye mto haujamrudisha haliliwi matanga, wala haitwi marehemu. Anasemwa vilevile kama zamani. Nikasikiliza nyakati za vitenzi vyake, maana ndiyo kazi yangu. Tomasi anapenda sana muhogo. Tomasi hawezi kukaa bure. Wakati uliopo, mwanzo mpaka mwisho.

"Sasa huyu anasema nyie shuleni hilo neno nnaliita... tashi nini?"

"Tashihisi."

"Ndio nini?"

Nikajaribu kueleza. Nikasema ni pale kitu kisicho mtu kinapofanya jambo la mtu. Kama mto kuita.

Akanitazama kwa huruma ya kweli. "Mwalimu, nto ukijaa si unaita? Siku ile uliita toka alfajiri. Kila ntu alisikia."

Hapo ndipo nilipoelewa. Mto ukijaa na kunguruma, watu wa pale husema unaita. Ni kitenzi cha kila siku, kama sisi tunavyosema mvua inanyesha, na hakuna anayesimama kushangaa kwamba mvua imefanya kitendo. Delfina hakuwa amenitungia chochote. Mto ulijaa, kaka akaenda, mwili haujaonekana. Ilikuwa taarifa, imeandikwa kwa Kiswahili cha kwao, kwa maneno machache kadiri alivyoweza, labda kwa sababu hakuwa na mtu mwingine wa kumwandikia. Nami nikampa alama mbili kati ya mbili.

Nikaomba kuongea na Delfina. Akatoka, akasimama mlangoni, hakukaa.

"Delfina, nimekukosea."

"Hujanikosea, mwalimu. Uliuliza mfano, nikakosa mwingine."

"Manila nimeshaibandua."

"Sawa. Lakini wanalo kichwani." Alikuwa anaongea na mlango. "Watu wote wameliandika, niliwasikia siku ya mtihani. Hata wa C ambao sijawahi kuongea nao. Na kwenye mtihani wa taifa wataliandika tena, litaenda mbali, wasahihishaji wapige tiki. Mimi nitakuwa nimekaa mulemule ndani, nasikia kalamu zao."

Kisha akanigeukia.

"Ukitaka nirudi, walitoe," akasema. "Wewe ndiye uliyewapa."

Mama yake akamwambia asiongee hivyo na mwalimu. Nikasema mwache, amesema sawa. Nikaahidi. Wakanifungia korosho kwenye gazeti, nikaondoka sijui nitaitimiza vipi ahadi ile, kwa sababu katika miaka yangu yote nilikuwa nimesomea namna ya kumfanya mtoto akumbuke. Kumfanya asahau hakuna chuo kinachofundisha.

Jumatatu nikaanza na mkondo A, kisha C. Niliwaambia ukweli wote, bila kupamba. Nikawaambia mwalimu wenu aliona maneno mazuri akaacha kuuliza. Nikawaambia atakayeliandika kwenye mtihani, mimi sitamwona wala sitamjua, lakini yeye atajua. Nikawapa dakika ishirini kila mmoja atafute mfano wake. Jua lilitabasamu sana siku ile, na nililiruhusu.

B niliiacha mwisho, nikiomba Mungu Delfina awe amekuja. Nilipoingia, dawati lake lilikuwa na mtu. Alikuwa amekaa wima, na sare yake ina mikunjo ya kukaa kwenye mfuko. Hakuniangalia. Nikasimama mbele ya darasa, nikasema yaleyale niliyoyasema A na C, ila sauti haikuwa ileile. Kiranja wa darasa, msichana mmoja mwenye bidii ya kukera, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, sasa kama siyo tashihisi, ni tamathali gani?"

Nilifikiri. Nikazipitia zote kichwani, kama mtu anayejaribu funguo. "Siyo tamathali," nikasema. "Ni habari. Tumeletewa habari, tukaipigia makofi."

Yule kiranja akakaa. Kisha akasimama tena, safari hii bila kunyoosha mkono, akamgeukia Delfina.

"Pole, Delfina."

Wengine wakasimama, mmoja mmoja, halafu kwa safu, madawati yakikwaruza sakafu, mpaka darasa zima likawa wima, na sauti zikasema pole, pole, hazikupangwa, kila mmoja kwa wakati wake. Hakuna aliyesema pole kwa nini. Mnajua jibu la pole. Sote tunalijua toka utotoni, linatoka mdomoni lenyewe hata kwa mtu aliyevunjika mguu: nimeshapoa. Darasa zima lilikuwa linalisubiri. Mimi pia nililisubiri, na nilikuwa nalihitaji kuliko wao.

Delfina akasimama.

"Bado sijapoa," akasema. "Lakini nimekuja."

Akakaa, akafungua daftari ukurasa mpya, akaandika tarehe, akainua macho akingoja nifundishe.